Kabla ya kugombania ndizi, hivi huyo nzi tunamjua?



Naona ule moto wa ndizi umeshapoa, kwa hiyo labda sasa tunaweza kuuongelea bila kutukanana. Kwa waliosahau: Aprili 2025 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alitangaza kuzuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi. Sababu aliyoitoa ni kwamba Afrika Kusini ilikuwa imezifungia ndizi zetu mlango kwa miaka, na Malawi nayo imezuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Siku chache tu baadaye marufuku ikaondolewa, wakakaa mezani. Huku mitaani watu waligawanyika makundi mawili. Wa kwanza: safi sana, wakomeshwe! Wa pili: sasa tufaha tutakula za wapi?

Mimi swali langu lilikuwa jingine kabisa. Nchi ikikufungia mlango wa matunda, huwa inaogopa nini hasa?

Sisemi kwamba kesi yote ya ndizi ni mdudu. Siasa imo, na wakulima wao kutotaka ushindani nako kumo, tusijifanye watoto. Ila karata inayotupwa mezani huwa ni afya ya mimea, na kwa matunda ya Afrika Mashariki karata hiyo mara nyingi ina picha ya nzi. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilizuia maparachichi ya Kenya kwa sababu ya nzi wa matunda. Mwaka 2007 huohuo nzi huyo akapatikana kaskazini mwa Msumbiji, na mwaka uliofuata ndizi na matunda mengine ya Msumbiji yakaonja joto ya jiwe mpakani. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilijizuia kupeleka maembe Ulaya baada ya mizigo yake kukutwa na funza, na haikurudi hadi 2021. Miaka saba! Mtoto aliyezaliwa siku maembe yanazuiwa alikuwa anasoma shule yanaporudi.

Kwa hiyo ukitaka kuelewa mambo ya masoko ya matunda, lazima ukubali kuangalia mdudu wa milimita nane. Twende taratibu.

Mapema mwaka 2003 wataalamu wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walimkuta kwenye pwani ya Kenya nzi ambaye hakuwa wa Afrika. Mwaka huohuo akagundulika na Tanzania, na wa kwanza kumfuatilia kwa karibu huku kwetu walikuwa watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, akina Maulid Mwatawala, wakishirikiana na Marc De Meyer wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Alifanana na nzi wa Asia lakini rangi zake zilikuwa zinayumba: huyu mweusi, huyu mwekundu wa kutu, huyu katikati. Mwaka 2005 akapewa jina lake, Bactrocera invadens, yaani mvamizi, na ikajulikana kwamba yupo pia Sri Lanka. Halafu mwaka 2015, baada ya watu kulinganisha maumbile, vinasaba, harufu za madume na hata kama wanazaana vizuri, ikaamuliwa kwamba huyu si mpya. Ni yule yule Bactrocera dorsalis anayejulikana Asia kwa miaka mingi.

Mtu anaweza kusema haya ni majina tu ya maprofesa, mkulima wa Mlimba yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Mdudu mwenye jina jipya hana historia, na asiye na historia hana tiba iliyokubalika kimataifa. Mnunuzi anakwambia: sijui maji ya moto ya nyuzi ngapi yanamuua huyu wa kwako, kwa hiyo baki na matunda yako. Akishajulikana kuwa ni dorsalis, utafiti wote wa Asia na Hawaii unakuwa wako. Hapo jina moja lina thamani ya kontena.

Sasa nirudi huku kwetu bondeni, maana ndiko hasa nilikotaka kufika.

Ifakara ni mji wa ajabu kidogo. Tangu mwaka 1957 Waswisi walipofungua maabara yao, mpaka leo hii Taasisi ya Afya Ifakara, hapa watu wamekuwa wakihesabu mbu. Kuna sehemu pale Kining'ina inaitwa kabisa Mji wa Mbu. Vijana wa vijijini wasio na digrii hata moja wamefundishwa kukaa na kikombe cha mbu na kuwatenganisha: huyu funestus, huyu wa kundi la gambiae, huyu kuleksi tu hana habari na malaria. Na kazi hiyo imezaa kitu kikubwa. Mwaka 2017 watafiti wa hapa walichapisha kwamba katika vijiji vya bonde hili funestus peke yake ndiye anayebeba karibu maambukizi tisa kati ya kumi ya malaria, ingawa kwa idadi hakuwa ndiye mwingi kuliko wote. Fikiria wangeendelea kusema "mbu" tu. Wangepambana na kundi lenye kelele na kumwacha muuaji.

Kwenye matunda sisi bado tuko kwenye "mbu" tu. Tunasema nzi. Embe lina funza? Nzi. Tango limeoza kitakoni? Nzi. Nyanya chungu zimedondoka? Nzi, puliza dawa.

Msimu uliopita nilikuwa Uchindile, juu kule mpakani na Mufindi, tukatembea kutoka stesheni hadi shamba la kijana mmoja mwenye matango na matikiti. Kwa asiyepajua: ni TAZARA inapopanda kutoka Mlimba, umeliacha joto la bonde nyuma, pembeni mipaina na mikaratusi ya Green Resources inaanza. Jamaa alikuwa ametundika chupa za maji zilizotobolewa, ndani pamba yenye chambo. Aliuziwa mjini. Akanionyesha kwa furaha kabisa:

"Kaka, we angalia mwenyewe. Dawa inafanya kazi."

Kweli, chupa ilikuwa nusu nzima nzi waliokufa. Nikachuma tango moja lililopinda, nikalipasua. Funza. Nikapasua la pili. Funza.

"Sasa hawa wanatoka wapi na nzi wote wameisha kwenye chupa?" akaniuliza.

Tukaimwaga chupa kwenye jani la mgomba, tukaanza kuhesabu mistari mgongoni. Miwili. Miwili. Miwili. Miwili. Karibu wote miwili, na jibu lilikuwa hapo.

Chambo alichouziwa ni methili eujenoli. Hiyo ni harufu inayomvuta dume la dorsalis kama mlevi na ngoma. Linatoka mbali na kuingia chupani. Lakini dorsalis si mtu wa matango, yeye anataka embe, pera, ndizi iliyoiva sana, chungwa, papai. Kule pembeni mapera yamejaa, kwa hiyo chupa ilikuwa inawaita wageni wa mapera shambani kwa matango. Nzi wa matango mwenyewe, Zeugodacus cucurbitae, haijali harufu hiyo kabisa. Yeye anavutwa na chambo kingine kinaitwa kyulua. Kijana wa watu alikuwa anatumia hela kila wiki kupigana vita ya jirani.

Na hii ndiyo hatari ya mtego uliojaa. Mtego mtupu unakufanya uulize maswali, uliojaa unakupa usingizi.

Sasa jinsi ya kumjua. Sitaweka kila kitu, vitabu vya wataalamu vina kurasa mamia, lakini mwenye macho mazuri, au kioo cha kukuzia, au hata simu yenye kamera nzuri anaweza kufika mbali.

Anza na mabawa. Kama mabawa ni ya kung'aa kama karatasi ya nailoni, yana mstari mweusi mwembamba tu pembeni kwa mbele, na mdudu mwenyewe kaumbwa kama nyigu, kiuno chembamba, basi uko upande wa akina Bactrocera na ndugu zao. Kama mabawa yana mabaka ya njano na kahawia kama kitenge, na vidoa vidoa karibu na shina la bawa, huyo ni Ceratitis. Hapo tayari umegawa dunia nusu kwa nusu, na hujatumia hata shilingi.

Ukiwa upande wa nyigu, angalia mgongo. Mistari miwili ya njano, mmoja kila upande, pembetatu ya njano mwishoni mwa mgongo, na tumboni alama nyeusi kama herufi T: huyo ndiye dorsalis, mvamizi wa 2003. Usibabaishwe na rangi ya mgongo, nimeshasema yeye anaweza kuwa mweusi au mwekundu wa kutu. Wapo wanaodhani ni aina mbili na kuzipa majina mawili. Ukiona mstari wa tatu wa njano katikati ya mgongo, na bawa lina doa jeusi nene kwenye ncha, huyo ni wa matango, matikiti, maboga na maskwashi. Huyu naye asili yake Asia, ila kwetu yupo tangu enzi za mkoloni, kwa hiyo tumemzoea mpaka tumemsahau. Na kama ni mdogo zaidi, mwekundu wa machungwa, hana mstari wowote wa njano pembeni, na vipande vya tumbo lake vimeungana kama gamba moja, huyo ni Dacus ciliatus, mwenyeji kabisa wa Afrika, na yeye pia anapenda jamii ya matango.

Upande wa kitenge kuna watatu wa kuwajua. Ceratitis capitata ni mdogo, milimita nne mpaka tano, mgongo wake una madoa meusi yanayong'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Huyu ndiye maarufu duniani, ndiye aliyewahi kuisumbua California mpaka helikopta zikapita usiku kumwaga sumu, na Ulaya wanamwita kwa jina la bahari yao ya Mediterania. Asili yake wapi? Afrika, kusini mwa Sahara. Wa pili ni Ceratitis cosyra, mwenye njano nyingi na vidoa vyeusi mgongoni, ndiye nzi wa embe wa enzi za babu zetu. Kwamba leo humwoni sana kwenye maembe ya tambarare ni kwa sababu dorsalis kamtoa. Kule Nguruman, Kenya, waliona kwa macho yao ndani ya miaka michache mvamizi anageuka mwenye nyumba. Wa tatu ni Ceratitis rosa. Dume lake lina nywele kama manyoya kwenye mguu wa kati. Mkumbuke huyo, nitamrudia.

Kuna na mmoja mjanja: Bactrocera latifrons. Aligunduliwa Tanzania mwaka 2006. Anafanana na dorsalis ukimtazama haraka haraka, lakini yeye ni wa nyanya chungu, pilipili, mnavu, jamii hiyo. Methili eujenoli haimvuti. Kyulua haimvuti. Unaweza kutundika mitego yote ya madukani ukasema shamba langu safi, na ngogwe zako zinaliwa. Njia ya kumpata ni tunda lenyewe.

Na hapo ndipo napenda kuliko pote, kwa sababu njia ya tunda haina gharama. Chukua matunda yaliyoharibika ya aina moja tu, usichanganye. Ndoo, chini weka mchanga mkavu uliochekechwa, matunda yaweke juu ya wavu au vijiti yasiguse mchanga, funika kwa kitambaa chepesi. Funza akishiba anatoka anadondoka mchangani anageuka kuwa kama punje ya ngano. Wiki mbili hivi, kwa joto la Ifakara hata chini ya hapo, nzi wanatoka. Usiwaue siku hiyohiyo! Watilie pamba yenye maji na sukari, waache siku tatu nne rangi zikolee, maana nzi mchanga anakuwa kapauka na mistari huioni. Halafu waweke kwenye spiriti, andika karatasi ndani: zao gani, kijiji gani, tarehe. Mtego unakwambia nani anapita hapa. Ndoo inakwambia nani anakula nini. Ni mambo mawili tofauti na la pili ndilo linalouma mfukoni.

Pia itakuepusha kumsingizia nzi. Vile vinzi vidogo vyekundu macho vinavyozunguka kwenye tunda lililokwisha kuoza na kwenye pombe, vingi ni walaji wa msiba tu, msiba haukuletwa nao. Na ukipasua kokwa la dodo ukakuta mdudu mweusi mgumu ndani, huyo ni fukusi wa kokwa la embe, nzi hahusiki. Alama ya funza wa nzi wa matunda ni kuruka. Funza aliyekomaa anajikunja, anauma mkia wake, halafu anajirusha. Watoto wanamjua, wakubwa tunajifanya hatujaona.

Turudi kwa rosa. Watafiti wa Sokoine walitega mitego kupanda mlima Uluguru, kutoka tambarare hadi juu. Walichokuta ni kwamba chini dorsalis ni mfalme, na kadiri unavyopanda kwenye baridi anapungua, na rosa anashika nchi. Halafu mwaka 2016 ikaja taarifa nyingine kwamba hao tunaowaita rosa kumbe ni wawili: mmoja anayependa joto akabaki na jina, na mwingine anayevumilia baridi ya milimani akaitwa Ceratitis quilicii.

Sasa chukua hiyo picha uiweke juu ya reli yetu. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Makambako iko juu ya mita 1,600. Katikati, kipande cha Mlimba hadi Makambako chenye mahandaki 18, treni inapanda ngazi nzima ya nzi hao kwa saa chache tu, na Uchindile iko katikati ya ngazi. Anayeijua TAZARA anajua stesheni zake: treni ikisimama, ndizi za Mlimba na maembe ya Ifakara yanapanda dirishani, beseni kwa beseni. Nzi mzima hasafiri hivyo mbali kwa mabawa yake. Anasafiri kama yai ndani ya embe la zawadi la shangazi.

Huko juu linakopanda hilo embe ndiko lilipo dili la parachichi. Njombe, Mufindi, na sasa hata majirani wa Uchindile, kila mwenye ekari mbili anawaza Hass. Novemba 2022 China ilisaini kuingiza maparachichi yetu. Watu wamekopa. Na hapa lazima nimtendee haki parachichi: Hass likiwa gumu, bado mtini, halina jeraha, nzi anapata tabu nalo sana, na majaribio yaliyofanywa Kenya yalionyesha hivyo. Lakini mnunuzi hakuulizi kama unaamini. Anataka orodha: katika eneo lako kuna nzi gani, mitego mingapi, chambo gani, nani alisoma, wiki gani. Ukimpa jibu la "nzi wapo kidogo" anafunga daftari.

Makueni kule Kenya walichofanya kurudi Ulaya hakikuwa muujiza. Walitega, wakahesabu kila wiki, wakazika matunda yaliyodondoka, wakaweka kumbukumbu za eneo lenye nzi wachache, mpaka karatasi zikaongea. Na masharti ya Ulaya kwa maembe yalikazwa tangu Septemba 2019, kwa hiyo waliingia kwenye mlango ambao tayari ulikuwa mwembamba.

Sisi tuna nini? Tuna TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya 2020. Tuna Sokoine pale pale Morogoro mjini, ambako baadhi ya watu wanaowajua hawa nzi kuliko wengi duniani wamefanyia kazi. Tuna TARI Ifakara, wazee bado wanaiita KATRIN. Vichwa vipo! Kinachokosekana ni mtu wa kijijini. Bwana shamba mmoja ana kata nzima, pikipiki haina mafuta, na akifika anaulizwa mpunga kwanza. Matunda ni mwisho wa orodha. Matokeo yake anayemfundisha mkulima kumjua nzi ni muuza duka la pembejeo, na muuza duka ana chambo cha aina moja kwenye shelfu. Simlaumu, anauza alichonacho.

Kuhusu kupulizia, nisiseme mengi. Yai liko chini ya ganda na funza yuko ndani ya nyama. Dawa inabaki nje, juu ya tunda utakalomuuzia mtu ale. Nzi jike anayetafuta kutaga anahitaji protini kwanza, ndiyo maana chambo cha protini chenye sumu kidogo, kinachowekwa doa moja tu kwenye mti na si mti mzima, kinafanya kazi kuliko pampu ya lita ishirini. Na hicho kinawavuta jike na dume, wa aina nyingi. Halafu kuzika. Matunda yaliyodondoka yazikwe nusu mita, au yafungwe kwenye mfuko mweusi wa nailoni yapikwe na jua. Jike moja la dorsalis linaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake, na shamba la maembe lisilookotwa ni hospitali ya wazazi.

Kwa hiyo mimi ningeomba nini? Siombi maabara. Naomba kila kata kuanzia Kidatu hadi Uchindile iwe na vijana wawili waliofundishwa siku tano, wapewe kioo cha kukuzia, chambo za aina tatu (methili eujenoli, kyulua na trimedilua ya akina capitata na rosa), spiriti na daftari. Wale waliotufundisha kutenganisha mbu walianza na vitu kama hivyo. Hela ya posho za kikao kimoja cha wadau kwenye hoteli inaweza kulipa mwaka mzima wa kazi hiyo, na hapo siongezi chumvi.

Na ifanyike sasa. Septemba 2024 kule Beijing yalisainiwa makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA, Rais Samia, Hichilema na Xi wakiwa wamesimama pale, na mkataba wenyewe ukafuata 2025. Naifurahia reli, sisi watu wa huku bila reli ni kisiwa. Lakini treni ikiwa ya haraka na ya kila siku, embe la Ifakara litafika Makambako asubuhi yake likiwa na mayai mabichi kabisa. Kama tunataka siku moja kumwambia mnunuzi kwamba juu kule dorsalis ni wachache, namba za kabla ya reli mpya ndizo zitakazotulinda. Namba hizo zikusanywe treni hazijaanza kujazana, na leo hakuna anayezikusanya Uchindile kila wiki.

Msimu wa maembe ukianza mwezi wa kumi na moja nitakuwa na ndoo tatu: moja Ifakara Kibaoni, moja Mlimba, na moja kwa yule kijana wa matango, ambaye ameshabadilisha chambo na anasema chupa sasa zinaingia nzi wachache lakini "wale wa mistari mitatu". Nitaweka picha. Mwenye ndoo yake Mang'ula, Mngeta, Malinyi au hata huko Njombe aandike hapo chini: zao, kijiji, mistari mingapi mgongoni, na bawa ni nailoni au kitenge.